Nuiko Upande wa Nyuma wa Karatasi

Jumatano, tarehe 9 Aprili mwaka 1924, binti yangu Nuiko aliketi mbele ya duka letu la miavuli ya karatasi, hapa Kyoto, akachorwa na Bi Harriet, mwanamke wa Uskoti aliyepanga chumba kwa jirani. Siku tatu baadaye Nuiko na mumewe walipanda meli kule Kobe, kwenda kuchuma kahawa Brazili.

Nilijiunga na darasa la kina mama, nikajifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na sita, ili nimwandikie mwenyewe. Barua ya kwanza ilijibiwa. Ya pili na ya tatu zilirudi: walikwisha kulihama shamba lile, na hakuna aliyejua walikokwenda. Basi nikabaki kuingoja picha, maana sikuwa na sura yake nyingine popote.

Bi Harriet hana haraka. Huchora kwa sindano juu ya bamba la shaba, hulilaza kwenye tindikali, huchapa, kisha hupaka kila nakala rangi kwa mkono. Aliileta mwezi wa Novemba mwaka uliofuata.

"Haya, Mama Nuiko, fumba macho," alisema. "Sasa fumbua."

Mashavu yalikuwa yale yale, na ule unywele wa sikioni usiokubali kuchanwa. Kisha nikatazama kifuani. Upande wa kulia wa kimono ulikuwa umelazwa juu ya wa kushoto. Sisi humvika hivyo maiti peke yake.

Wifi yangu Tsuru, ambaye kinywa chake hakina mlango, akachungulia begani mwangu.

"Bibi wee! Umetuletea mtoto au umetuletea msiba?"

"Kwani nimekosea nini?" Bi Harriet aliuliza.

"Umemvika sanda! Hata anayenyonya anajua kushoto huja juu."

Bi Harriet akajipiga kipaji cha uso. "Jamani! Picha ya shaba hutoka kinyume, kulia huwa kushoto. Jina la duka kwenye ubao nililigeuza makusudi ili lisomeke. Nguo sikuiwaza kabisa."

"Ubao umeuonea huruma, mtoto hukumwonea," Tsuru akamkatiza.

"Mchore upya," nikaomba.

"Nimchore nikimtazama nani, mama? Nikibuni, atakuwa binti wa mwenzako."

"Ichome, wifi," Tsuru akasema. "Barua zirudi, halafu na hii tena? Mimi nisingelala nayo nyumba moja."

Niliogopa kama yeye. Lakini kuutia moto uso wa mwanangu kwa mikono hii, sikuweza. Niliilaza kifudifudi kwenye kioo cha dirisha nisiione, nikaibana kwa kijiti. Asubuhi ya nne jua lilipopiga kioo, niliona jambo ambalo mtu aliyebandika karatasi kwenye miavuli miaka ishirini na mitano alipaswa kulijua: karatasi nyembamba haifichi kitu. Mistari ya wino ilikuwa imepenya. Upande ule Nuiko alielekea mkono wa pili, na kushoto kwake kulikuwa juu ya kulia. Amevaa kama watu wanaoishi.

Rangi tu ndizo zilizofifia. Nikakimbia kwa Bi Harriet bila hata kubadili viatu vya ndani.

"Chapa nyingine, kwenye karatasi nyembamba kuliko zote ulizo nazo. Rangi uzipake nyuma."

"Nyuma? Sijawahi kupaka nyuma."

"Leo utapaka."

Nilikaa ubavuni pake. Alipaka zambarau ya kimono, akapaka mkanda, akafika midomoni, akainua brashi. "Ilikuwa nyekundu kiasi gani?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikagundua sikumbuki.

"Paka kidogo," nikasema hatimaye. "Siku ile alikuwa akizuia kilio."

Picha iko dirishani, upande wa rangi umetazama ndani. Wateja hunionyesha kwamba jina la duka limepinduka. Huwajibu kuwa duka najua liliko.

Wewe uliyesoma au kusomewa maneno haya, tafadhali usikae nayo. Mpe mwenzako, hasa anayekwenda Kobe kupanda meli, naye amsomee mwingine huko mashambani, mpaka yamfikie Nuiko, mke wa Sakichi, mwenye kovu dogo chini ya kidevu. Mwambieni aandike anakokaa.