Mji wa Kiitaliano Chini ya Mfereji

Alhamisi ilikuwa zamu ya Nanyori kumwagilia. Alipanda na jembe begani hadi penye kizuizi cha mawe na magome ya migomba, akakifungua, akasubiri. Mfereji ulitoa matope kidogo, akatoka chura, kisha basi. Alipogeuka kutazama maharage yake aliona kwamba kule chini, kwenye malisho ya kijiji, kulikuwa na mji wa Kiitaliano.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa na kanisa la mawe, nyumba zilizobanana zenye vigae vyekundu, ofisi ya halmashauri yenye bendera, na uwanja wenye hodhi la mawe. Mdomo wa shaba ulimwaga maji humo bila mtu kuufunga. Ng'ombe wa kijiji walikwisha kufika na walikuwa wakinywa.

Nanyori aliyaunganisha mambo hayo mawili, kama ambavyo yeyote angeyaunganisha.

Jioni alipita Lesikar, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kamati ya mfereji.

"Shemeji, umewaona wale watu?"

"Nimewaona."

"Hawajapiga hodi ofisi ya kijiji. Na maji yamekatika siku hiyohiyo. Mimi sisemi kitu. Nasema tu tuwe macho."

Kijiji kikawa macho. Waliowauzia Waitaliano maziwa walirudi wakiyanusa madumu yao. Afisa ardhi alipanda kutoka mjini, akapima, akakuta mji haujavuka mipaka yake wenyewe, akaondoka. Waitaliano walizungumza Kiarusha, lugha ya kijiji, chenye lafudhi kidogo. Hakuna aliyewauliza walijifunzia wapi, kwa sababu anayeuliza sana naye hutiliwa shaka.

Jumatatu Nanyori alichukua dumu akashuka mwenyewe. Kando ya hodhi alimkuta bibi aliyevaa nguo nyeusi, Ersilia, mtunza kanisa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Valdorsa."

"Haya maji mnayatoa wapi?"

Ersilia alimweleza kama alivyozoea kuwaeleza wageni. Valdorsa iko ubavuni mwa mlima, kati ya mito miwili. Mmoja hukauka kiangazi. Wa pili unaitwa Orsa, ndio huu. Watu walilima shayiri na kufuga mbuzi. Tetemeko liliangusha nusu ya mji, wakaujenga upya. Kisha mwenye kinu cha kusaga, kule juu, aliugeuza mto upite kwake.

"Mkamfanya nini?"

"Yeye? Hatukumfanya kitu. Tulilichomea maghala kabila la ng'ambo ya bonde. Walikuwa wageni, na matamshi yao yalituudhi. Mwenye kinu ndiye aliyetugawia viberiti."

"Ikawaje?"

"Vijana wetu walihamia Ajentina. Mwenye kinu alipofariki mto ulirudi. Sanamu yake ni ile pale."

Nanyori aliitazama. Ilikuwa sanamu nzuri, yenye masharubu. Kisha akakinga maji kwa kiganja, akanywa. Yalikuwa baridi hadi yakamuuma meno, yale meno ya kahawia ya kila aliyekulia kwenye maji ya mlima Meru. Lakini hayakuwa na ile ladha ya magadi. Mfereji wao ulikuwa nayo tangu enzi za bibi yake. Haya hayakuwa maji yake.

Hakurudi nyumbani. Alilitua dumu kwenye kona ya shamba lake akaufuata mfereji kwenda juu, akipita mashamba yaliyokauka, hadi chini kidogo ya msitu. Hapo, chini ya majani makavu, alikuta bomba jeusi la plastiki. Alilifuata hilo nalo. Lilimfikisha kwenye shamba jipya la nyanya, la kijani kibichi, na katikati yake alisimama Lesikar amevaa buti.

"Shemeji," alisema Lesikar. "Unatembea."

"Natafuta maji."

"Wale watu hawana haya kabisa," alisema Lesikar, huku akilisogeza bomba kwa mguu hadi kwenye tuta linalofuata.

Kwenye mkutano wa kijiji Nanyori alisimama akasema alichokiona: bomba liko wapi, linaishia wapi, na shamba ni la nani. Resiato, jirani yake, ambaye maharage yake nayo yalikuwa yamekauka, alitazama viatu vyake.

"Shemeji yangu amefiwa, ana mawazo mengi," alisema Lesikar kwa upole. "Ya familia tutayaongea nyumbani. Hapa tumekuja kuongea habari za Waitaliano."

Walimpigia makofi. Ikaamuliwa kwamba hodhi la Waitaliano liwekewe ulinzi, watu wakae kwa zamu. Zamu ya kwanza akapewa Nanyori, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kuwa na mashaka kuliko wote.

Asubuhi alishuka na kigoda, akakaa uwanjani. Ersilia alimletea kahawa kwenye kikombe kidogo.

"Wamekutuma utulinde sisi?"

"Ndiyo, mama."

Nanyori alikunywa kahawa akaimaliza. Kisha aliinuka, akakigeuza kigoda, akakaa tena akiwa ameupa mji mgongo, macho yake mlimani. Ersilia aliingia ndani, akatoka na kiti chake, akakiweka kando ya kile cha Nanyori, kikielekea hukohuko. Kule juu nyanya zilikuwa zinaanza kuiva.