Hotuba ya Mama Haina Sauti

Barabara humfundisha mtu kungoja. Dereva alikuwa amengoja mizani, amengoja mihuri, amengoja spea ifike kwa basi kutoka mji wa mbali, na hakuna hata kimoja kilichomtoa jasho. Kwa hiyo kile kiduara kilichokuwa kinazunguka kwenye simu yake hakikumpa taabu. Kilizunguka alipokuwa kwenye foleni, kikazunguka alipojilaza chini ya lori, kikala bando lote na kumwachia picha ya mama yake amesimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, mdomo nusu wazi. Akasema video hiyo ataitazama siku akifika penye mtandao wa maana. Ngojangoja huumiza matumbo, wenyewe walisema, lakini tumbo lake lilikwishazoea.

Ilikuwa harusi ya mdogo wake, binti wa mwisho kwa mama yao. Siku ile Dereva alikuwa mpakani, lori limeshikwa kwa sababu ya karatasi moja isiyo na muhuri, na simu imezima chaji. Harusi haingoji lori. Alipofika nyumbani maturubai yalikuwa yamekunjwa na viti vya kukodi vimerudishwa. Mama akampakulia, akakaa pembeni akimtazama anavyokula. Hakuuliza kitu. Mjomba aliingia, akamwona na sahani, akatoka kimya. Mdogo wake vilevile. Dereva akajua amenuniwa. Akanawa mikono, akajinyoosha kidogo, na kabla hakujapambazuka akawasha lori akaenda zake. Mtu mzima akinuniwa hasubiri kusindikizwa.

Baadaye, kwenye simu, mdogo wake alimwambia kwamba mama alimtaja katika hotuba. Alisemaje? Hapo ndipo pagumu. Bibi harusi alikuwa analia, wanja unamwingia machoni, neno alilishika akalipoteza. Mjomba alisema dada yake alitoa maneno mazito. Ukimuuliza mazito yepi, anakumbuka kwamba chakula kilitosha. Mama mwenyewe Dereva aliona haya kumuuliza, akasema atamuuliza safari ijayo. Safari iliyofuata alikwenda kumzika.

Sasa alitaka kitu kimoja tu: kujua kama mama yake, mbele ya wakwe, alimlaumu au alimtetea. Akaegesha lori mahali penye mnara mpya wa simu, akafungua video. Kiduara hakikuzunguka hata kidogo. Mama akasimama, akainua kipaza sauti, akafungua mdomo, na hautoki hata mkwaruzo. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Akaigonga simu kwenye goti. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo: sauti ya sehemu hii imeondolewa kutokana na madai ya hakimiliki.

Aliyaona yale maandishi kama anavyoona kibao cha barabara imefungwa. Akageuza lori, akaenda kwa mpiga video.

Yule mpiga video aliitwa Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno alilowaimbia watu kutwa nzima. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maporomoko ya maji, taa mbili za mwavuli, na kompyuta iliyofunikwa taulo. Alimpa Dereva kiti cha kupigia picha za pasipoti.

"Kaka, si mimi," alisema. "Ni ule wimbo."

Mama ndiye aliyeuagiza. Alikuwa ametumia ujana wake wote katika kiwanda cha nyuzi, na kusema mahali pakimya kulimtia woga. Basi alimwambia mpiga muziki amwekee wimbo wa zamani aliokuwa akiupenda, chinichini, yeye apite juu yake. Kumbe kuna kampuni, Tabasamu hakujua iko upande gani wa dunia, iliyonunua nyimbo za zamani kwa mafungu kama mitumba, na ina mashine inayosikiliza harusi za watu usiku na mchana. Mashine ikaudaka. Akaambiwa achague: video ifungwe yote, au wimbo uondolewe. Akachagua wimbo uondolewe.

"Nilidhani utatoka wimbo abaki mama," alisema. "Kama unavyochomoa unywele kwenye unga. Kumbe wao wanamwaga na unga."

"Ile yenyewe, uliyopiga siku ile, iko wapi?"

Tabasamu akayatazama maporomoko yake ya kitambaa. Kompyuta ilikuwa imeshamfia mara moja na harusi za watu tumboni, na tangu hapo hakuiamini. Desturi yake ikawa hii: harusi ikishapanda mtandaoni, anafuta kadi ya kamera ili harusi inayofuata ipate pa kukaa. Mtandaoni hakuna panya, alikuwa akiwaambia wateja, hakuna mwizi wala moto.

Wakaandika rufaa. Fomu iliwataka waape kwamba wimbo ni mali yao, na hawakuweza kuapa. Wakaandika kwamba anayesema ni mama wa mtu na amefariki. Mtandao ukakatika kabla hawajatuma. Wakaandika upya, wakafupisha, mama akabaki lakini kufariki kwake kukasahauliwa. Jibu lilikuja haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kupita kwenye waya ule. Rufaa imepitiwa, imekataliwa, asante.

Dereva hakukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo, akaikosa. Aliona tu kwamba jina la studio limepita kifuani kwa mama yake kwa herufi kubwa, akauliza ni la nini.

"Watu wasiniibie," Tabasamu alisema. "Na mimi kazi yangu ina hakimiliki, kaka." Kisha akaona alichokisema, akajaribu kumfariji. "Lakini picha ni safi. Tazama mdomo ulivyo safi, hata meno unayahesabu."

Dereva akautazama mdomo. Ndipo alipomkumbuka mama mdogo.

Hakuwa mama mdogo wa damu. Kule kiwandani yeye na mama walisimama mashine jirani, na mle ndani mashine zilinguruma hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Wanawake wa pale walisemezana kwa midomo. Walilibeba zoea hilo mpaka nyumbani. Dereva alipokuwa mtoto aliwaona wamekaa na vikombe vyao, midomo inacheza, sauti hamna, ghafla wote wanaangua kicheko, na yeye akajua anasengenywa. Mashine zile zilimla mama mdogo masikio yote mawili. Harusini alikuwa nyuma kwenye masufuria, akaona mgongo wa rafiki yake tu.

Alimkuta chumbani kwake anachambua mchele. Akaipangusa simu kwa shati, akamsogezea, akasema polepole ili amwone, "Samahani, mama mdogo, haina sauti."

Mama mdogo alimtazama kama anavyotazamwa mjinga. "Ingekuwa nayo ningeifanyia nini?"

Akaivuta simu karibu na pua. Akalalamika kwamba kipaza sauti kimemziba mdomo wa chini, kisha akasema si kitu, mwenzake alikuwa anasema kwa mashavu. "Anashukuru wakwe. Anasema binti yake hajui kupika, wamvumilie, hata yeye alivumiliwa." Akacheka peke yake. "Sasa anasema, mwanangu mkubwa hamumwoni hapa…"

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Dereva akaichukua simu, akaizungusha chumba kizima kama mtu anayetafuta pa kutundika taa. Mtandao ulipatikana dirishani, juu kabisa. Akapanda kiti, mama mdogo akapanda kitanda, wakasimama hivyo, kijana wa zamani na kikongwe, shingo zimenyooka. Picha ikatikisika, ikatembea.

"Yuko barabarani," mama mdogo akasema. "Anasema, akifika mtu asimuulize alikuwa wapi. Ale kwanza."

"Ale kwanza, halafu?"

"Halafu wamegeuza kamera. Wanaonyesha keki."

Wakangoja kamera irudi. Bando likaisha kwenye keki.

Dereva akashuka. Aliiona ile sahani, na mama pembeni, na mjomba anayetoka kimya. Nyumba nzima ilikuwa imeshika neno, hata wale waliolisahau baadaye. Walikuwa wanangoja amalize kula. Yeye ndiye aliyewasha lori. Alitegemea kitu fulani kimpande kifuani, machozi au hata kwikwi. Hakikupanda kitu. Alisimama tu pale, simu mkononi, kama amesimamishwa na mizani na mizani haina mtu.

Mama mdogo aliichukua simu akailaza kifudifudi. Akafunua sufuria, akampakulia, akamwonyesha mkeka. Dereva alikula. Hakusikia chumvi wala moto, lakini alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Mama mdogo alichambua mchele wake. Alipoona amenawa, akaweka ungo chini na kusogeza kigoda mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Haya," alisema. "Sema polepole, niuone mdomo. Ulikuwa wapi?"

Dereva akajifuta kwa kiganja, akaanzia kwenye muhuri.