Siku Saba za Kunyamaza

Mimi nina hasira za karibu. Wanaonifahamu wote wanalijua hilo, kuanzia wanafunzi wanaokula karanga kwenye maktaba ninayoisimamia pale Mazimbu, hadi Wilfred, ambaye pamoja na kulijua aliamua kunichumbia. Kwa hiyo asishangae mtu nikisema kwamba Jumapili ile nilipanda mlima kwenda Mgeta nikiwa na maneno ya kumwambia mjomba wangu Andrea, maneno ambayo mpwa hatakiwi kumwambia mjomba. Njia nzima nilikuwa nayarudia kimoyomoyo nisije nikasahau hata moja.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu ya binti ni kaka wa mama. Kwangu neno hilo lilikuwa na uzito zaidi, maana mama yangu, Paskalia, alifariki nikiwa darasa la nne, na Mjomba Andrea ndiye aliyenilea. Alikuwa mgane tayari, hana mtoto, ana bustani za kabichi na njegere zilizong'ang'ania mteremko. Alijifunza kupiga pasi ya mkaa kwa ajili ya sare zangu. Aliuza kabichi akaninunulia viatu vikubwa kuliko miguu yangu, akavijaza magazeti mbele, akaniambia vitanisubiri.

Ana kasoro moja tu: hajui kusema hapana. Ukibisha hodi kwake ukiwa unauza kitu, atakukaribisha, atakupa kiti, atakusikiliza mpaka mwisho. Hata ukoo wetu una utaratibu unaomfaa mtu wa namna yake. Mshenga akileta posa, anapokewa vizuri, analishwa, anaambiwa "Tumesikia," basi. Anaondoka. Kama binti anatolewa, mjomba anatuma neno kabla ya siku saba kwisha. Kama hatolewi, mjomba ananyamaza. Siku saba zikipita kimya, mshenga anaelewa na habari inaishia hapo, hakuna aliyekataliwa usoni, na mkikutana gulioni mnasalimiana kama kawaida.

Mimi niliupenda utaratibu huo maisha yangu yote, mpaka ilipofika zamu yangu.

Mshenga wa Wilfred alikuwa Mzee Abdulatif, rafiki wa baba yake, wote wafanyabiashara wa mchele pale Dumila. Alipanda Mgeta Jumamosi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kilo kadhaa za mchele wa kuomba nafasi ya kuzungumza. Mjomba akamkaribisha, akamsikiliza, akasema "Tumesikia." Mzee Abdulatif akaacha namba yake ya simu, akashuka. Wilfred akaniambia mambo yamekwenda vizuri, na mimi nikaanza kusubiri. Binti haruhusiwi kuuliza. Akiuliza, inahesabika kwamba anamsukuma mjomba, na mjomba aliyesukumwa neno lake halina heshima.

Nilisubiri Jumapili, nikasubiri wiki nzima. Kila simu ya Wilfred ikiita nilikuwa naruka. Jumamosi ya pili ikaja bila neno, na jioni Wilfred akafika kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mzee Abdulatif anasema hakupata neno," alisema. "Baba amenyamaza tu. Anasema tusiwasumbue watu waliokwisha jibu."

Sikulia mbele yake. Nilipobaki peke yangu nikafua nguo zote, nikafua mashuka, nikashusha na mapazia ambayo yalikuwa safi nikayafua pia. Ndivyo nilivyo. Nikikasirika nafua. Na moyo ulikuwa unaniuma kuliko hasira yenyewe, kwa sababu nilikuwa najiuliza mjomba ameona kosa gani kwa Wilfred, mwalimu wa hesabu asiye na makuu, mtu mpole mpaka anaudhi. Au kosa ameliona kwangu?

Asubuhi nikapanda gari la Mgeta.

Nilimkuta bustanini, ameinama kwenye kabichi. Aliponiona akanyanyuka, akafuta mikono kwenye suruali, akacheka kwa furaha kabisa, na maneno yangu yote niliyoyapanga yakakwama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja bila taarifa? Karibu, karibu." Kisha uso wake ukabadilika. "Umekuja kwa habari ya wale watu. Usijali, Stella. Kama wamebadili mawazo, ni wao. Wewe hujapungukiwa kitu."

"Wamebadili mawazo nani?"

"Hao wa Dumila. Nimewapelekea neno siku ileile, hata jua halijazama. Mpaka leo hawajasema hata asante."

Nilikaa chini palepale, kwenye tuta.

"Umewapelekea kwa njia gani, mjomba?"

Akatoa simu mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. Ile simu nilimnunulia mwenyewe Krismasi iliyopita, ya kupangusa, ili tuonane uso kwa uso tunapoongea. Akanionyesha. Ujumbe wa sauti ulikuwepo, wa Jumamosi ya posa, jioni. Pembeni yake kulikuwa na kialama kidogo cha saa, ile saa inayokaa pale kama ujumbe haujaondoka. Haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umekaa Mgeta wiki nzima.

Nikaangalia salio. Hakuna kitu. Kifurushi cha intaneti nacho hakuna.

"Mjomba, huweki vocha?"

"Naweka! Naweka kila nikishuka dukani. Lakini huku mlimani mtandao unakula sana."

"Mtandao hauli salio, mjomba." Nikafungua meseji zake, nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchoka. Kulikuwa na huduma ya hali ya hewa. Kulikuwa na ya wadudu wa mboga, ya masomo ya Kiingereza, ya nyimbo za kwaya, ya mazoezi ya viungo kwa kina mama wajawazito, ya matokeo ya mpira wa Ulaya, na ya mtu anayetabiri nyota. Zote zilianza kwa maneno yaleyale: jaribu bure siku saba. Zote alizikubali. Na zote, siku saba zilipokwisha, zilianza kumkata kila siku alfajiri, kabla hata jogoo wake hajaamka.

"Mjomba, umejiunga na huduma ya wajawazito?"

"Sikujiunga. Walibisha hodi." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. "Walikuja vizuri, wakanisalimia kwa jina, wakasema niwasikilize siku saba bure. Nikabonyeza nakubali. Mtu akija na heshima utamfukuza? Nikawasikiliza. Siku saba zikaisha, sikuwajibu kitu. Nikanyamaza kimya, kama inavyotakiwa, waelewe wenyewe."

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Mjomba," nikasema taratibu, "hawa ukinyamaza, wanahesabu umekubali."

Alikaa chini karibu yangu. Akaivua kofia, akaishika mikononi.

"Mtu akinyamaza amekubali?"

"Ndiyo. Ili kukataa unatakiwa uwaambie kabisa kwamba unajitoa."

"Uwaambie usoni?"

"Usoni."

"Watu gani hawa?" aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu aliyesikia kwamba kuna nchi wanazika maiti wima. "Wamelelewa na nani?"

Nikaanza kucheka. Nilikuwa nimekuja kugombana na nikacheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nalia. Mjomba wangu hakunikataa. Alikuwa amesema ndiyo siku ileile, halafu akakaa wiki nzima hapa juu akiumia kwamba watu wamenidharau mimi.

Tulizifunga huduma zile moja baada ya nyingine, maana kujitoa hakuhitaji salio. Hakunikubalia nizifunge hivihivi. Ilibidi kila moja niiandikie: "Tunashukuru kwa kutukumbuka, kwa sasa hatutaweza." Nilimwambia upande wa pili ni mashine. Akasema hata kama ni mashine, kuna mtu aliyeitengeneza. Ile ya wajawazito aliwatakia na heri.

Kisha nikamnyooshea simu yangu. "Haya, mpigie Mzee Abdulatif sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Siku saba zimeshapita, Stella. Neno limeshakufa. Kwa utaratibu wetu mpaka waje waombe upya, na kwa nini waje? Baba wa kijana amekaa wiki nzima na aibu kwa sababu yangu. Mtu niliyemwaibisha nimwombe radhi kwa simu?"

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

Hakunijibu. Aliingia ndani, na nilimsikia akifungua sanduku. Nikaogopa, kwa sababu alikuwa amenyamaza, na kwetu kunyamaza najua maana yake. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la Pasaka.

"Twende Dumila," alisema.

Sijui kama nimeeleza vya kutosha jambo hili lilivyo zito. Upande wa binti haujawahi kufuata posa, si kwenye ukoo wetu. Babu zetu wote waliotangulia walikaa kwenye viti vyao wakasubiri kufuatwa. Mjomba alikata kabichi mbili kubwa, akazitia kwenye kiroba, akafunga mlango, na tukashuka. Nilitaka kumwekea intaneti ya kwangu ili ujumbe uondoke, akanikataza. Hakutaka neno lifike kabla yake.

Wilfred tulimkuta stendi ya Msamvu, maana nilimpigia njiani. Alimwamkia mjomba kwa sauti isiyosikika. Mjomba akamkabidhi kiroba cha kabichi akibebe, na hicho tu kilitosha kumfanya maskini atembee kama aliyepewa cheo.

Pale Dumila, baba yake Wilfred alitupokea dukani, katikati ya magunia ya mchele, na Mzee Abdulatif aliitwa akaja. Walikuwa na adabu, lakini adabu ya kukaza uso. Mjomba hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alisimama na kofia yake mkononi, mtu mzima na koti lake la Pasaka, wakati huko nje wauza vitunguu wakikimbilia mabasi ya Dodoma.

"Wazee wenzangu, nimewakosea," alisema. "Neno langu nililituma siku ileile. Halikufika kwa sababu ya ujinga wangu na simu hii. Siwaombi mniamini. Stella, weka vocha."

Niliweka vocha kwenye simu yake, nikanunua kifurushi. Salio lilikaa. Ile saa ndogo ikapotea, na papo hapo mfuko wa kanzu ya Mzee Abdulatif ukalia.

Akatoa simu, akavaa miwani. Nikamwonyesha tarehe ya ujumbe kwenye simu ya mjomba, naye akamwonyesha baba yake Wilfred. Kisha akabonyeza, na sauti ya mjomba wangu ikajaa duka lile.

"Mzee Abdulatif, ni mimi Andrea wa Mgeta. Vumbi la gari lako halijatulia bado. Najua nina siku saba, na wazee wetu walisema usijibu siku ileile, utaonekana una haraka. Basi nionekane. Nasema ndiyo. Mwambie kijana neno moja. Huyu binti ana hasira. Asiogope. Akikasirika anafua. Ukiona kamba imejaa nguo, usimuulize kitu, mpelekee chai, kaa karibu yake. Itaisha. Mimi nimeishi naye hivyo. Dada yangu aliniachia mtoto huyu sijui hata pasi inashikwaje. Nimeiogopa siku ya kuombwa kwake tangu akiwa mdogo, na leo imefika, kumbe nina furaha. Ndiyo hiyo. Mfike salama."

Ikakatika. Baba yake Wilfred akasimama, akampa mjomba mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mzee Abdulatif akavua miwani, akaifuta, akanigeukia.

"Na wewe binti, tumesikia ya mjomba. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nilitaka kusema. Namwapia Mungu nilitaka. Lakini machozi yalikuwa yananitoka, na kila nikifungua mdomo hakitoki kitu. Wazee wa Dumila wakaanza kutabasamu, maana kwao binti akiinama na kunyamaza amekubali. Lakini mjomba wangu alishtuka, akanyanyuka kwenye kiti alichokwisha pewa.

"Sema, mwanangu!" alinihimiza, ananishika bega. "Sema kwa mdomo! Siku hizi usinyamaze kabisa!"

"Ndiyo!" nikasema, na kwa jinsi ilivyotoka kwa nguvu wauza vitunguu barabarani waligeuka. "Ndiyo, nimekubali!"

Watu wakacheka, mjomba kuliko wote, huku anafuta macho kwa kofia. Mimi nilikaa juu ya gunia la mchele nikaendelea kulia. Wilfred hakuniuliza kitu. Alitoka nje, akarudi na kikombe cha chai, akanipa, akakaa karibu yangu.