Mgeni Rasmi na Miguu ya Felista

Kila jioni, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, Josephina alichota maji ya vuguvugu kwenye beseni na kumwosha dada yake miguu. Ilikuwa na udongo hadi magotini, ule udongo wa Mgeta unaonata, na mara nyingine jani la kabichi lilikuwa limebanwa katikati ya vidole. Felista alilala chali akitazama dari. Hakusikia maji wala kitambaa. Muuguzi wa zamu, Sista Brenda, alilalamika kuhusu mashuka. Alisema hospitali haina sabuni ya kufulia matope ya milimani, na kama miguu inakwenda shamba, basi ijifute mlangoni inaporudi. Kuanzia kesho yake ikawa inajifuta.

Felista alikuwa ameanguka msimu wa kabichi, tenga kichwani, kwenye tuta la juu kabisa la shamba la ukoo wa mama yake. Kule Mgeta shamba limesimama kama ukuta, na mtu akiteleza hufika kwa jirani kabla ya salamu zake. Madaktari walisema uti wa mgongo haukukatika, ulipondeka, usawa wa kifua. Mikono ilibaki yake. Kuanzia kifuani kushuka chini alikuwa kama mzigo wa mtu mwingine aliokabidhiwa autunze. Kukohoa alishindwa, na sauti ilibaki ya kunong'ona.

Mtaalamu wa mazoezi, Shakila, alianza naye kwa pumzi.

"Dada Felista, vuta kwa tumbo, kama unanusa pilau ya jirani. Haya, shikilia. Sasa toa polepole, kama unapuliza kuni mbichi."

"Kuni mbichi hatupulizi," Felista alinong'ona. "Tunazianika."

"Wewe puliza tu, dada yangu."

Alikuwa katika kupuliza pale miguu ilipoteremka kitandani kwa mara ya kwanza. Blanketi likalala bapa kuanzia nyongani. Miguu ilisimama kidogo sakafuni, ikajiweka sawa, ikatoka wodini. Shakila aliinua blanketi, akatazama, akalirudisha. Alisema ni dalili nzuri, maana mguu uliokufa hauendi popote. Shida ni kwamba amri ya kichwa haifiki chini, na miguu isiyoambiwa kitu imeamua kujiambia yenyewe.

Getini mlinzi aliidai karatasi ya ruhusa. Haikuwa nayo, lakini kwa kuwa haikuwa na mfuko wa kuibia mali ya hospitali, aliiacha ipite. Ilifuata barabara ya Iringa, ikapita Mzumbe ambako wanafunzi waliipisha njia, ikapanda mlima. Kwa vile haikubeba mwili, ilikwenda upesi. Shambani haikuweza kushika jembe, hivyo ilifanya yale yanayowezwa na miguu: ilishindilia kingo za mfereji, ikakanyaga magugu, ikafukuza mbuzi. Jirani mmoja aliyekuwa akisogeza mpaka tangu Felista alazwe aliikuta imesimama mpakani alasiri moja. Aliisalimia, akarudisha mawe mahali pake. Wanakijiji walipiga simu kumpongeza Felista kwa shamba zuri.

Felista hakufurahi. Alikasirika mpaka meno yakamuuma.

"Miguu yangu inajua njia ya shamba," alimwambia Josephina, "haijui njia ya choo."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakuomba kucheza ngoma wala kupanda milima. Alitaka kujua haja imefika, aende mwenyewe, afunge mlango. Mtu mzima, mama wa watu, anageuzwa na kupanguswa wodi nzima ikisikia, halafu anaambiwa ashukuru kwa kuwa kabichi zinastawi.

Na dawa ilikuwapo, mwisho wa korido, katika chumba cha mazoezi. Ilikuwa mashine ya kusisimua neva, iliyoletwa na wafadhili. Shakila alimweleza kwamba vibandiko hubandikwa mgongoni, umeme mdogo hupita, huku mgonjwa akivuta pumzi na kujaribu kusogeza viungo. Umeme na pumzi vikienda pamoja, huzifundisha neva kusikilizana upya.

"Si wote wanaotembea, nisikudanganye," Shakila alisema. "Lakini wapo wanaorudi kuhisi. Ila mapema, dada. Miezi hii ya mwanzo. Baadaye neva zinazoea ukimya."

Mlangoni, hata hivyo, palikuwa pamefungwa utepe. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe na wagonjwa waliiita Bi Harusi, kwa kuwa ilipambwa, ikafungiwa ndani, na bwana hatokei. Haikuruhusiwa kuguswa kabla mgeni rasmi hajaizindua. Mgeni rasmi alipata udhuru. Akapata udhuru mwingine. Tarehe kwenye jiwe la uzinduzi ilikwanguliwa na kuchongwa upya mara nyingi, hadi jiwe likaingia bonde. Mkasi ulikuwapo, umelazwa kwenye sinia. Mtu yeyote mwenye vidole viwili angeweza kuutumia, na hospitali ile ilikuwa na vidole vingi mno.

Mganga mfawidhi, Daktari Rogers, alipopita kuwaona wagonjwa, Felista alimshika koti.

"Daktari, mashine iwashwe."

"Subira, mama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni haji. Mwenyeji anaoza."

Hakuwa akitania. Kidonda cha kulalia kilikwisha kumtoka mgongoni. Daktari Rogers alicheka, akawaambia wauguzi kwamba watu wa Mgeta wana maneno, akaenda kitanda kinachofuata.

Felista alimgeukia Shakila. "Ufunguo unao."

"Ninao. Na mkataba wangu unaisha mwaka huu, na nina watoto." Shakila alifuta macho kwa mkono wa koti. "Vuta, dada. Shikilia. Toa."

Felista alivuta na kutoa, asubuhi na jioni, kwa hasira tupu. Kifua kikapata nguvu. Kikohozi kikarudi, kisha sauti, na sauti ilirudi kubwa kuliko aliyoanguka nayo. Miguu iliendelea kwenda shamba.

Hatimaye mgeni rasmi akaja. Uani yalifungwa maturubai, kwaya iliimba, mshereheshaji akapima kipaza sauti tangu asubuhi. Felista alilazwa kwenye kitanda cha chumba cha mazoezi ili awe mgonjwa wa mfano. Alikubali bila kubembelezwa. Kama Bi Harusi atafunuliwa mbele yake, basi na iwe mbele ya kwaya, hakujali.

Mgeni rasmi alichelewa, akakata utepe, akapigiwa makofi. Kitambaa kiliondolewa. Shakila alimbandika Felista vibandiko mgongoni. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe. Hakuna taa iliyowaka, kwa sababu waya wa mashine ulikuwa bado umeviringishwa ndani ya nailoni yake, chini ya meza. Felista aliuona. Shakila aliuona. Nao ndio ulikuwa wakati wa miguu kwenda shamba, basi ikateremka kitandani, ikampita mgeni rasmi kwa adabu na kutoka nje.

Umati ulilipuka kwa vigelegele. Wapiga picha waliikimbilia miguu hadi getini.

"Haijawashwa!" Felista alipaza sauti. "Waya huo hapo chini! Iwasheni, nipo hapa!"

Mshereheshaji aliongeza sauti ya muziki. Mgeni rasmi alisema kwamba tumeshuhudia wenyewe kwa macho yetu, na kwamba serikali na wafadhili wakishikana mikono hakuna kinachoshindikana. Chakula kilikuwa pilau.

Kesho yake Felista aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mgonjwa aliyepona hawezi kukalia kitanda, Daktari Rogers alieleza, wengine wanasubiri. Mashine ilifunikwa tena ili isichafuke kabla wafadhili hawajaja kupiga picha za kwao. Waya ulibaki kwenye nailoni. Josephina na jamaa zake walimpakia Felista nyuma ya pikapu, juu ya godoro, na kila gari liliporuka shimo alimtukana mtu mmoja mmoja kwa jina.

Aliwekwa kibarazani, akitazama shamba. Watu walipanda kuja kumpongeza kwa kupona. Aliwajibu kwamba hajapona mtu hapa. Walitazama kule kwenye matuta, ambako miguu ilikuwa ikishindilia kingo, wakasema Mungu ni mwema, mama, tusikufuru.

Msimu wa mvua ulipokwisha, gari la hospitali lilipanda mlima. Dereva, kijana mstaarabu aitwaye Abuu, alitoa shikamoo, akaeleza kwamba kuna uzinduzi mwingine Dumila, wa mashine nyingine, na Daktari Rogers anaiomba miguu.

"Na mimi?" Felista aliuliza.

"Wewe mama wamesema usisumbuliwe. Pumzika tu."

"Hapana."

"Nimeagizwa niiulize miguu, mama. Samahani."

Abuu alikwenda kwenye tuta akaiuliza. Felista alivuta pumzi kwa tumbo, akashikilia, akaitoa yote katika neno lile moja, hapana, na lilisikika ng'ambo ya bonde, mbuzi wakainua vichwa, Josephina akatoka jikoni mbio. Sauti ilikuwa nzima kabisa. Miguu ilijifuta matope kwenye majani, Abuu akaifungulia mlango wa mbele, ikapanda.