Bakuli la Papa Kabeya

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Kazi yangu ni kuogesha wazee, lakini kikombe cha nyumba ya watu hakigusi mdomo wangu. Ni kwa maman Anne-Marie tu, pale mtaa wa Etterbeek, huku ughaibuni, nilipokuwa nakunywa bila kusita, maana mumewe, papa Kabeya, nilimuuguza mimi. Papa aliniachia ujumbe mmoja kwa mkewe: asichomwe, azikwe udongoni. Niliufikisha. Kisha nikaenda Bujumbura, naye akafariki nikiwa huko.

Niliporudi nikaenda kutoa pole. Maman alikuwa amejifunza ufinyanzi wa Kijapani. Alinikorogea chai yao ya kijani yenye povu, katika bakuli alilolifinyanga mwenyewe. Nikainywa yote.

"Bon, sasa geuza bakuli, maman Hawa. Bajapani banaangaliaka langi yake kisha kunywa."

Nikaligeuza. Rangi yake, ule utando wa kioo uliochomewa juu ya udongo, ulikuwa mwembamba na wa kahawia ukingoni, kisha ukashuka ukiwa kijani, ukinenepa, mpaka tone moja lililoganda kabla ya kufika chini. Nililipapasa kwa kidole gumba. Nikasema, na nilisema kweli, kwamba sijapata kuona chombo kizuri hivi.

Akatabasamu. "Ni Kabeya. Majivu yake tulitia mu langi."

Nilikimbilia sinki, nikatapika, nikasugua ulimi kwa kitambaa cha vyombo mpaka ukauma.

"Ulimuchoma? Na mimi nilikuambia!"

"Nilisikia, oui. Lakini alikuwa analia baridi kila siku. Ningemuacha mu cimetière, mu kaburi, mu mvua ya huku? Hapa ninamukamata na mikono yote mbili, na iko moto." Akanisukumia bakuli. "Nilitengeneza mbili. Hii ni yako."

Nililifunga kwenye taulo, nikapanda nalo tramu nimelishika mbali na mwili, kama nepi iliyojaa.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Koekelberg, nilichimba uani kwa mwiko wa jikoni. Sijui wao Wakristo humlaza vipi maiti wao, nikalilaza ubavu wa kulia kama sisi Waislamu tunavyolaza wetu. Kidole gumba chenyewe kikarudi kwenye lile tone. Bado lilikuwa zuri. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia maman Anne-Marie, nikafukia upesi, nisije nikalirudisha ndani.