Bango la Muuza Mazulia

Mwezi wa tatu mwaka 2015, Lynette alikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa nne katika mtaa wa Deira, ughaibuni kwa Waarabu. Duka la chini lilikuwa limefungwa tangu mwenyewe, muuza mazulia, arudi kwao. Bango lake la chuma lilibaki juu ya mlango, refu kuliko kitanda.

Jumatatu moja asubuhi alikuta bango limeinama upande mmoja. Mlangoni wakaguzi wa mji walikuwa wamebandika karatasi ya Kiarabu kitupu. Akamwita Mzee Khelef, Mzanzibari mwenye ofisi ya mizigo ghorofa ya kwanza, amsomee.

"Mwanangu, wanasema bango liondolewe upesi, ni hatari kwa wapita njia." Khelef akateremsha kidole. "Na hapa chini wanasema asiliguse mtu asiye na kibali."

"Sasa nani aliondoe?"

"Mwenye bango."

"Si alienda kwao, Mzee?"

Khelef akaisoma tena karatasi tangu juu.

Lynette akampigia Shafiq, msimamizi wake, Mganda aliyekuwa na majengo tisa ya kuangalia. "Usiguse kitu," Shafiq alisema. "Ukianguka na ngazi nitamwambia nini arbab?" Na arbab, mwenye jengo, alishajibu kwamba bango ni mali ya mpangaji.

Bango likalia kwa upepo. Lynette akatoa viti vya plastiki akavipanga kuziba njia, akavizungushia utepe wa kufungia mizigo wa Khelef. Hata nusu saa haikuisha, akaja mkaguzi mwingine, kijana mwenye fulana ya kung'aa.

"Njia ya watu haizibwi bila kibali. Yalla, upesi, ondoa."

Lynette akamwonyesha juu. Kijana akatazama, akapiga picha. "Hiyo si idara yangu," alisema, akasubiri mpaka kiti cha mwisho kilipoondolewa.

Lynette hakuelewa tena avunje amri ipi ili atii ipi. Basi akasimama pale njiani yeye mwenyewe. "Pita upande ule, tafadhali," aliwaambia watu, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu cha kuokoteza, kwa mikono. Wengine walicheka. Msukuma mkokoteni mmoja alimtukana. Saa sita ikapita hajala, na mara mbili alijiuliza kama si yeye aliyekuwa mjinga.

Baada ya alasiri upepo wa vumbi ukazidi. Mwanamke mmoja akaja akiongea kwa simu, hasikii wala haoni. Lynette akamwita, kisha akamshika mkono akamvuta kwa nguvu.

"Usiniguse!" mwanamke alipiga kelele, na simu ikamponyoka.

Bango likaanguka nyuma yao. Ukingo wa chuma ulipasua vigae vya njia. Kisha mwanamke akaokota simu iliyovunjika kioo, akamtazama Lynette, akatazama chuma, akaondoka karibu kukimbia.

Maafisa walifika, wakaandika maelezo, wakampa Lynette kalamu atie sahihi. Khelef akamsomea: mlinzi alikuwa anajua kuhusu hatari hiyo tangu asubuhi.

"Hiyo ni sifa ama ni kesi?" Lynette aliuliza.

"Wallahi sijui, mwanangu. Maneno yenyewe hayasemi."

Akamwomba Khelef aongeze mstari mmoja: kwamba alisimama pale kutwa. Khelef akauandika, Lynette akatia sahihi.

Alhamisi Shafiq akampigia. "Funga mzigo. Kesho unahamia Al Jaddaf, mnara mpya, mapokezi, ndani kwenye ubaridi."

"Nimepandishwa, boss, ama nimeadhibiwa?"

"Ofisini zimekuja barua mbili siku moja. Moja ni ya mwanamke, anasema ulimpiga na kumvunjia simu. Nyingine inasema uliokoa mtu. Mkubwa amesoma zote, akasema, khalas, yaishe, mhamisheni."

"Lakini kwa barua gani?"

"Hakusema, dada. Basi linakuja saa kumi na moja alfajiri."

Lynette akakata simu, akaanza kukunja nguo zake. Alitaka kufurahi, akashindwa. Akataka kulia, hilo nalo likakataa.