Kirusi cha Mama

Mara mbili Nasambu aliyatupa majibu yale ya maabara, akijilaumu kwa uzembe. Kirusi cha korona alichokisoma kwenye maji taka ya mtaa wa Mbotela kilikuwa cha aina ile ile iliyomuua mama yake mwaka 2021, aina iliyokwisha kutoweka kila mahali. Sampuli ya mama bado ilikuwa kwenye friza ya maabara, kwa hiyo lazima tone lake lilikuwa limechafua kazi. Nani hajawahi kukosea?

Mara ya tatu alilinganisha vinasaba vya virusi hivyo viwili herufi kwa herufi. Zilipishana mahali thelathini na moja. Hapo akajua sampuli haikuchafuliwa, maana kirusi kilichogandishwa hakibadiliki hata kidogo. Hiki kilikuwa kimebadilika mwaka baada ya mwaka, na katika mtaa mwingine wowote hakikuwapo. Kilikuwa kinaishi ndani ya mtu mmoja ambaye kinga yake ilishindwa kukitoa.

Wiki tatu aliyafuata mabomba, akifunua shimo moja baada ya jingine na kuteremsha chupa kwa kamba. Majirani waliziba pua wakimcheka: mtoto wa watu kasoma mpaka kafika chooni! Kila alipokipata, alikuwa ameikaribia zaidi nyumba aliyozaliwa. Alimwomba Mungu akikose. Shimo la mwisho lilikuwa nyuma ya jiko la mama, na humo kilikuwa tele.

Katika nyumba ile alibaki mdogo wake, Mulongo, peke yake. Ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha mama hadi siku ya mwisho, wakati watu waliogopa hata kupita mlangoni.

Alimkuta amejifunika blanketi saa saba mchana, shati likimpwaya.

"Sasa, sista."

"Uko aje, Mulongo?"

"Niko poa. Ni tumbo tu, na homa za kuja na kwenda." Alisita. "Usinicheke, lakini mathe hajatoka hii nyumba. Nikianza kusinzia, namsikia akikohoa. Hapa, karibu kabisa na sikio."

Nasambu hakucheka. Alivaa glavu. Hakuwa na ndugu mwingine.

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemfukuza."

Macho ya Mulongo yakawa mazito, kichwa kikainama. Kikohozi kikamtoka kifuani, kirefu, cha kukwaruza, kikaishia kwa mluzi mwembamba. Nasambu alikifahamu kikohozi kile.

Mulongo akagutuka. "Umemsikia?"

"Nimemsikia," Nasambu akasema, akimshika kidevu, kijiti cha kuchukulia sampuli mkononi. "Fungua mdomo."